Maswali tunayoulizwa kuhusu tiba ya oksijeni ya chemba

Mimi ni muuguzi wa ndani, yaani yule anayefungiwa mlango pamoja na wagonjwa. Maswali ninayoulizwa ni yale yale mwaka hadi mwaka, mengine kabla mtu hajavua viatu, mengine tukiwa tumeshakaa ndani na hana pa kukimbilia. Nimeyaandika hapa kadiri yanavyonijia. Daktari aliyeshika faili lako ndiye mwenye neno la mwisho juu yako.

Chemba yenyewe ni kitu gani?

Si chemba ya maji taka. Naanza na hilo kwa sababu mzee mmoja, alipoambiwa na wanawe kwamba anapelekwa kuwekwa kwenye chemba, aligoma kushuka garini, na simlaumu. Hii ni tangi la chuma, kubwa kama daladala ndogo, lenye mlango mzito, vidirisha vya duara na viti. Mlango ukishafungwa, opereta aliye nje anasukuma hewa ndani mpaka mgandamizo unafika mara 2 hadi 3 ya ule tulio nao hapa ufukweni. Hewa inayojaza tangi ni hii hii ya kawaida. Oksijeni safi unaivuta wewe kwa maski, au kwa kofia laini ya plastiki inayofunika kichwa chote hadi shingoni.

Zipo pia chemba za mtu mmoja: bomba la plastiki ngumu linaloonyesha, mgonjwa analala chali ndani yake, na mara nyingi bomba zima linajazwa oksijeni.

Mimi nina presha. Mtaniongezea presha nyingine?

Neno moja, mambo mawili. Presha yako ni nguvu ya damu ndani ya mishipa. Mgandamizo wa chemba ni uzito wa hewa inayokuzunguka mwili mzima, sawa na uzito wa maji unaomzunguka mtu aliyezama mita 10 au 15. Kuwa chini ya maji hakumpasui mpiga mbizi mishipa.

Ila oksijeni nyingi hubana mishipa midogo kidogo, na presha ya damu inaweza kupanda kiasi. Ndiyo maana tunakupima kila siku kabla ya kuingia. Ikiwa juu mno, unapumzishwa, unameza dawa zako, tunapima tena. Usiache dawa za presha asubuhi ya tiba ukidhani chemba itazichanganya.

Kwa nini nisipewe tu oksijeni ya mtungi wodini?

Kwa wengine hiyo inatosha, na wapewe hiyo. Lakini tazama hesabu. Oksijeni katika damu husafirishwa na hemoglobini, ile protini iliyomo kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa mtu mwenye mapafu mazima hemoglobini imeshajaa karibu yote hata akivuta hewa ya barazani. Ni daladala zilizojaa mpaka mlangoni: ongeza abiria kituoni utakavyo, hawapati pa kushika. Mgandamizo unafanya jambo jingine. Unawashusha abiria barabarani watembee kwa miguu, yaani oksijeni inayeyuka moja kwa moja kwenye maji ya damu, bila kusubiri hemoglobini. Ukivuta hewa ya kawaida, mililita 100 za damu zina kama mililita 0.3 tu ya oksijeni iliyoyeyuka. Ukivuta oksijeni safi kwenye mgandamizo mara 3, inafika karibu mililita 6, kiasi ambacho mwili uliotulia unaweza kuishi nacho.

Daktari mpasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema, alilionyesha hilo kwa namna ya kutisha kidogo. Mwaka 1960 yeye na wenzake walichapisha kazi yao juu ya nguruwe waliotolewa karibu damu yote na kubadilishiwa maji yasiyo na chembe nyekundu, wakiwa ndani ya chemba. Waliishi.

Basi oksijeni hapa ni dawa, na mgandamizo ndio dozi. Kituo kisichoweza kukuambia dozi yake ni ngapi, ni kama duka la dawa linalouza vidonge bila kusema ni miligramu ngapi.

Inatibu magonjwa gani?

Machache kuliko unavyosoma kwenye matangazo, lakini hayo machache si madogo. Ugonjwa wa wazamiaji na mapovu ya hewa yaliyoingia kwenye mishipa ya damu ndiyo kazi yake ya asili. Kuna sumu ya moshi wa mkaa na jenereta. Kuna maambukizi yanayokula nyama kwa saa, likiwemo lile la bakteria wanaotoa gesi ndani ya msuli, ambako kisu cha mpasuaji na antibiotiki hutangulia na chemba husaidia. Kisha vidonda fulani vya kisukari, mifupa yenye usaha sugu, ngozi iliyopandikizwa ikaanza kufa, viungo vilivyopondwa ajalini, na madhara ya mionzi ya saratani yanayojitokeza miezi au miaka baadaye.

Mawili husahauliwa, na yote mawili hayasubiri. Mtu akiamka sikio moja limekufa ghafla bila sababu, anayo nafasi ndani ya wiki mbili za mwanzo, pamoja na dawa za steroidi. Na jicho likizimika ghafla bila maumivu kwa sababu mshipa mkuu wa retina, pazia la nyuma ya jicho, umeziba, hesabu yake ni saa, si siku. Huyo aende hospitali leo, asingoje kliniki ya Jumatatu.

Mwanangu anapiga mbizi. Amepanda juu, viungo vinamuuma na miguu imekufa ganzi. Tufanye nini?

Hili ndilo swali ambalo ningependa lisomwe kwenye kila bandari ndogo kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Anayefuata jongoo bahari, kamba kochi au kome kwa mtungi, au kwa mpira wa kompresa iliyo ndani ya boti, anavuta hewa iliyogandamizwa. Kila mita 10 chini huongeza uzito mmoja wa hewa juu ya ule wa ufukweni, na nitrojeni iliyomo inayeyuka mwilini mwake. Akikaa chini sana kisha akapanda haraka, ni kama kufungua dumu la tembo la mnazi lililofungwa kutwa juani. Wasioligusa tembo na wafikirie soda. Povu linatoka ndani ya damu, ndani ya viungo, ndani ya uti wa mgongo. Na kwa kuwa jongoo wa maji madogo wameisha sehemu nyingi, vijana wanashuka zaidi kila mwaka.

Pwani watu husema amepigwa na upepo, na jini wa bahari ndiye mshukiwa wa kwanza. Siwezi kubishana sana na neno lenyewe, maana upepo ni upepo kweli: ni nitrojeni. Nilimpokea kijana mmoja siku ya tatu. Siku mbili za mwanzo alikandwa mafuta na kufukizwa. Alipofika alikuwa haoni shida kubwa ya miguu, alisema ni uchovu, lakini nilipomuuliza mara ya mwisho kukojoa ni lini, alitazama chini. Kibofu kilikuwa kimejaa kama ngoma na hakuhisi kitu. Hapo ujue uti wa mgongo umeguswa. Tulimtibu, akapata nafuu. Nafuu, sikusema akapona.

Fanyeni hivi. Mlazeni chali. Mpeni oksijeni ya asilimia 100 kwa maski yenye mfuko, na msiizime kwa sababu tu amesema anajisikia vizuri. Akiwa na fahamu zake, anywe maji. Msimrudishe majini ili "ashushe tena", kwa sababu akizimia huko chini mtakuwa mnatafuta maiti. Kumkanda hakuondoi povu, kunakula saa. Andikeni kina alichofika, muda aliokaa na saa aliyopanda, halafu pigeni simu kwenye chemba kabla ya kuanza safari.

Kama mnamtoa Mafia au Pemba kwa ndege ndogo, mwambieni rubani mapema. Ndege hizo nyingi hazina mgandamizo ndani, na povu hukua kadiri mnavyopanda. Aruke chini kabisa, chini ya mita 300 ikiwezekana, na oksijeni iendelee njiani.

Tiba yenyewe kwa kawaida hufuata jedwali la Jeshi la Wanamaji la Marekani linaloitwa Jedwali la 6: tunashushwa humo chembani hadi mgandamizo wa mita 18 za maji, kisha tunapandishwa kwa hatua, na yote huchukua karibu saa 5. Akichelewa bado tunamtibu. Lakini aliyeletwa saa ya tatu na aliyeletwa siku ya tatu hawafanani wakitoka.

Tulilala na jiko la mkaa chumbani. Tumeamka wote vichwa vinauma. Tumo hatarini?

Tokeni nje kwanza, ndipo msome.

Mkaa ukiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na hemoglobini inaipenda zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Kwenye hewa ya kawaida huchukua kama saa 5 kupungua nusu. Kwa maski ya oksijeni safi, kama saa moja na nusu. Chemba ya mgandamizo mara 3 hufanya kazi hiyo kwa dakika 23 hivi.

Tahadhari moja ambayo hata wauguzi wenzangu hupitiwa nayo: kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni kinadanganywa na gesi hii. Kitasoma 98 na mtu yuko taabani. Kinachosema kweli ni kipimo cha damu chenye uwezo wa kutenganisha gesi hizo mbili, na maelezo yenu kwamba jiko lilikuwa ndani. Semeni, hata kama mnaona haya.

Si kila aliyeumwa kichwa anahitaji chemba. Aliyezimia, aliyechanganyikiwa, mwenye maumivu ya kifua na mama mjamzito ndio tunaowataka haraka. Mjamzito hasa, kwa sababu gesi hung'ang'ania damu ya mtoto zaidi. Shabaha ni kuokoa kumbukumbu na akili, kwa maana baadhi ya watu huamka wazima, kisha baada ya wiki moja au tatu wanaanza kusahau na kubadilika tabia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002, wa wagonjwa 152, ulikuta matatizo hayo baada ya wiki 6 kwa asilimia 25 ya waliotibiwa chembani na asilimia 46 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Tafiti nyingine hazikuona tofauti hiyo, kwa hiyo madaktari bado hawajakubaliana wote. Ambalo hakuna anayelibishia ni maski: iwekwe palepale, zahanati ya karibu, hata kama chemba iko mbali kilomita mia.

Mama ana kisukari na donda ndugu mguuni. Chemba itamwokoa asikatwe?

Pengine. Na hilo "pengine" nalisema kwa uzito.

Kidonda kinachonufaika ni kile kilichozama hadi kwenye msuli, kano au mfupa, ambacho kimehudumiwa ipasavyo kwa siku 30 hivi na hakikusogea. Kuhudumiwa ipasavyo kuna maana yake: nyama iliyokufa imeondolewa, usaha umetibiwa, sukari imeshuka, na mguu haukanyagwi. Hili la mwisho ndilo linalotushinda. Mgonjwa anakuja chemba saa tatu asubuhi na ndala zile zile, ameshuka kwenye bodaboda akatembea mita 200 juu ya kidonda, kisha anauliza mbona hakijakauka.

Jambo la pili ni mishipa. Oksijeni inasafiri kwa damu. Mshipa mkubwa wa mguu ukiwa umeziba, damu haifiki, na oksijeni yangu haifiki vilevile. Huyo anahitaji mpasuaji wa mishipa kabla yangu. Kuna kipimo cha kubandika kwenye ngozi kando ya kidonda, kinachoonyesha kama oksijeni inapanda mtu akivuta ya maski. Kama hata chembani haipandi, bora tuseme ukweli siku ya kwanza kuliko kuwalipisha siku 40.

Ushahidi wenyewe umegawanyika. Huko Sweden walifanya utafiti wa wagonjwa 94, ukachapishwa 2010: baada ya mwaka mmoja vidonda vilifunga kwa asilimia 52 ya waliovuta oksijeni chembani, na asilimia 29 ya waliokaa chembani wakivuta hewa tu. Waholanzi walipochapisha wao mwaka 2018 hawakuona nafuu ya wazi. Nikisoma yote mawili pamoja na niliyoyaona, chemba inamfaa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri na anayemaliza dozi. Kumwagia kila donda si tiba, ni biashara.

Nilichomwa mionzi ya saratani miaka mitatu iliyopita, sasa nakojoa damu. Inahusiana?

Inaweza kuhusiana, ila kwanza wakuhakikishie saratani haijarudi. Wanawake wengi waliopigwa mionzi ya mlango wa kizazi, wakiwemo wanaotibiwa kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam, hupona saratani yao wakabaki na kibofu au utumbo wa mwisho uliopoteza mishipa midogo ya damu. Sehemu hiyo hukauka, hupasuka, huvuja. Chemba huchochea mishipa mipya kuota, taratibu, kwa vipindi 30 hadi 40. Kwa kibofu ushahidi ni mzuri, ukiwemo utafiti wa nchi za Nordiki wa mwaka 2019. Kwa taya lililochomwa mionzi, mazoea ya zamani ya kumpitisha chembani kila anayetaka kung'oa jino yamepungua nguvu baada ya tafiti za karibuni.

Na hapana, oksijeni hii "hailishi" saratani. Tafiti zilizopo hazikuonyesha inaifanya ikue.

Mtoto wangu ana usonji. Na wa jirani ana mtindio wa ubongo. Tuwalete?

Kwa hayo, hapana. Najua jibu hili linauma, kwa kuwa mzazi aliyefika mpaka huku ameshazunguka sana.

Wakanada walilipima hili vizuri, wakachapisha mwaka 2001: watoto 111 wenye mtindio wa ubongo, vipindi 40. Nusu walivuta oksijeni safi kwenye mgandamizo wa 1.75, nusu wakavuta hewa ya kawaida kwenye 1.3. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, sawasawa. Maana yake watoto walipata kitu, pengine kwa kushughulikiwa kila siku na wazazi wakiwa karibu, lakini hakikuwa oksijeni. Fedha hizo za chemba zinalipa mazoezi ya viungo ya muda mrefu. Nako Marekani, mamlaka ya dawa, FDA, ilitoa onyo mwaka 2013 juu ya wanaotangaza chemba kwa usonji na saratani.

Saluni ya mjini ina chemba ya mfuko unaojazwa kwa zipu. Ni hiyo hiyo?

Siyo. Mifuko ile hufika mgandamizo wa 1.3 hivi, mara nyingi ikiwa na hewa ya kawaida au oksijeni kidogo ya mashine. Kuvuta oksijeni safi kwa maski nzuri ukiwa umekaa sebuleni kunakupa nyingi kuliko hapo. Kama unapenda kulala humo upumzike, ni fedha yako. Mzamiaji aliyepooza au mtu wa sumu ya mkaa asipelekwe huko hata kwa dakika tano.

Ndani kunakuwaje? Nitaumia?

Huwa naingia na chupa tupu ya maji, ya plastiki, nimeifunga kizibo. Tukianza kushuka (tunasema kushuka, ingawa tangi halisogei) hewa inavuma, joto linapanda, na chupa inaanza kubonyea mikononi mwangu, kwa mlio wa krak, krak. Nawaambia: hii ndiyo ngoma ya sikio lako usipoizibua. Kisha nafungua kizibo, inavuta hewa, inanyooka. Nimeona walimu wakielewa hapo, na nimeona wavuvi wasiojua kusoma wakielewa hapo hapo.

Kuzibua ni kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza taratibu, au kumeza mate, au kupiga miayo. Zibua mapema na mara nyingi. Ukihisi maumivu usijikaze kiume. Inua mkono, opereta anasimamisha, tunapanda kidogo, tunajaribu tena. Waliojeruhika masikio wengi wao walikuwa kimya.

Tukifika, joto linashuka, unavaa kofia yako, unavuta. Hakuna maumivu. Kila baada ya dakika 20 au 30 tunakuvua dakika 5 uvute hewa ya kawaida, mapafu na ubongo vipumzike. Wengine hulala wakakoroma. Wakati wa kupanda kunakuwa na baridi, na pengine ukungu mweupe chumba kizima. Usishtuke, si moshi. Usibane pumzi wakati huo hata kidogo. Masikio yenyewe hujifungua kwa vimlio.

Kwa vidonda na mionzi kipindi ni dakika 90 hivi za oksijeni, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au nane.

Kwa nini mnanivua kila kitu mpaka mafuta ya nywele?

Moto. Kitu kinachowaka polepole nje, kwenye oksijeni nyingi kinalipuka. Mwaka 1997 chemba moja ya Milan, Italia, iliwaka na kuua watu 11, na kilichoshukiwa ni kifaa kidogo cha kupasha mikono moto ambacho mgonjwa alikuwa nacho. Januari 2025 mtoto wa miaka 5 alifariki Michigan, Marekani, chemba ilipowaka akiwa ndani.

Kwa hiyo unavaa nguo zetu za pamba tupu. Usiniletee khanga ukaniambia ni pamba. Nyingi za siku hizi ni poliesta. Simu, saa, kibiriti, betri ya kifaa cha kusikilizia, wigi, kucha za bandia, vyote nje. Mafuta ya nazi, vaselini, losheni na marashi visipakwe asubuhi hiyo, na aliyefukiza nguo kwa udi hana tabu maana anazivua. Hirizi nayo inasubiri kwenye kabati, utaikuta. Nimepekuliwa mimi mwenyewe kila siku kwa miaka na sijakasirika. Kituo kisichokupekua ndicho cha kukasirikia.

Madhara yake ni yapi?

Masikio ndiyo ya kwanza kwa mbali, kisha sainasi kama una mafua. Baada ya vipindi ishirini hivi, wengi huona mbali kwa ukungu, na wenye miwani ya kusomea hufurahi kwamba sasa wanasoma bila miwani. Msinunue miwani mipya. Macho hurudi yalivyokuwa ndani ya wiki au miezi michache. Mwenye mtoto wa jicho aliyekwisha anza anaweza kuona amekua haraka.

Mara chache sana, oksijeni ikizidi kwenye ubongo, mgonjwa hupata degedege. Inatisha kuitazama, lakini tunamvua maski, inakata, na kwa kawaida haiachi kilema. Mwenye moyo dhaifu anaweza kujaa maji mapafuni. Na mwenye kisukari hushuka sukari.

Nani haruhusiwi?

Mwenye hewa iliyovuja kifuani isiyotibiwa haingii kabisa, maana hewa hiyo ikitanuka wakati wa kupanda inaua. Ndiyo sababu tunataka eksirei ya kifua, na hasa ya aliyewahi kuugua kifua kikuu, kwa kuwa mashimo ya zamani mapafuni yanaweza kunasa hewa. Wengine wanasubiri au wanajadiliwa: wenye homa, mafua, pumu isiyotulia, kifafa, ujauzito (isipokuwa kwa sumu ya mkaa), na wanaotumia au waliowahi kutumia dawa za saratani kama bleomisini. Taja dawa zote, na za miti shamba pia. Anayeogopa kufungiwa tunamwonyesha chemba siku moja kabla, mlango wazi, akae, atoke.

Naweza kuja nimefunga Ramadhani?

Kama oksijeni inafunguza, muulize sheikh wako. Kuhusu sukari niulize mimi: mwenye kisukari anayechoma insulini asiingie tumbo tupu. Tunapima kidoleni kabla na baada, na kama iko chini unakula kitu au unarudi nyumbani. Wasio na kisukari tumewahi kuwapanga jioni, baada ya futari.

Chemba ziko wapi, na bima inalipa?

Kwa pwani yetu, Zanzibar na Mombasa ndiko zilikotangulia, kwa ajili ya wazamiaji na watalii wao. Afrika Kusini zipo nyingi zaidi. Piga simu kabla hujaondoka nyumbani kwa sababu chemba inaweza kuwa matengenezoni, au ipo na opereta hayupo. Uliza maswali matatu: mnafika mgandamizo wa ngapi, kuna daktari aliyesomea kazi hii, na kuna mtu anayeingia ndani na mgonjwa? Bima, omba kibali kwa maandishi kabla ya kipindi cha kwanza. Cha mdomo huwa hakionekani siku ya kulipa.

Nikitoka naweza kupanda ndege?

Mgonjwa wa kidonda au mionzi, masikio yakiwa mazima, anaweza. Aliyetibiwa ugonjwa wa wazamiaji asubiri siku tatu au zaidi, mpaka daktari aseme. Mzamiaji mzima aliyepiga mbizi moja akae angalau saa 12 kabla ya ndege, na aliyepiga kadhaa, saa 18. Na asidhani treni ya jioni ya Mombasa kwenda Nairobi haihesabiki, kwa sababu Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na mwili hauulizi umepandaje.

Anayekatazwa ndege siku hiyo hiyo ni mimi. Ninyi ndani mnavuta oksijeni safi. Mimi navuta hewa ya tangi, na nitrojeni yake yote naondoka nayo nyumbani.